Darasa la Kwenda Ng'ambo

Jumatatu, 3 Machi

Nimepata kazi! Miezi kumi na minne tangu hoteli ifunge milango, miezi kumi na minne ya kufagia ua ambao ulikuwa umeshafagiwa. Leo nimevaa tena viatu vyangu vyeusi vya kazini. Bado vinaingia. Cha kushoto kinabana kidogo, si neno.

Daftari hili nalo ni tabia ya hotelini. Nilikuwa msimamizi wa usafi wa vyumba miaka ishirini na miwili, na kila mwisho wa zamu nilikuwa naandika ripoti: chumba gani, nani kasafisha, nini kimevunjika. Mkono umezoea. Sasa naandika bila bosi wa kusoma — raha iliyoje.

Kazi yenyewe ni kufundisha. Nyumba ya ghorofa moja, nyuma ya kiwanda cha matofali, geti la bati la kijani, hakuna kibao. Wanawake kumi na wawili wanaandaliwa kwenda ng'ambo kufanya kazi kwenye mahoteli. Wanalala juu, vyumba vitatu, vitanda vinne vinne. Chini kuna sebule, jiko, ofisi, na chumba kimoja kilichopangwa kama cha hoteli: kitanda kipana, foronya nyeupe, kengele mezani. Nilipokiona nusura nilie.

Mkurugenzi ni mwanamke mwembamba wa makamo. Sauti ndogo, kama anambembeleza mtoto alale. Kila mtu kwake ni mpenzi. "Mwalimu mpenzi," kaniambia, "wewe wafundishe usafi tu. Mengine tuachie sisi." Sawa! Mengine sikuyataka.

Somo la leo: kona ya shuka. Vidole vinne chini ya godoro, kunja, vuta, bana. Wamerudia mara nane. Yupo anayecheka kila kitu, nimeshambandika jina, Kicheko. Mwingine ni fundi cherehani, miwani minene, maswali kibao. Huyo ni Mshonaji. Si watoto hawa. Mmoja kafundisha chekechea miaka sita. Mwingine kaachika, watoto wake wawili wako kwa mama yake. Watu wazima waliochoka kukaa bure, kama nilivyochoka mimi.

Dada kapiga simu jioni. Nimemsimulia mpaka betri ikazimika.

Alhamisi, 6 Machi

Kicheko katandika kitanda vizuri mno, nikamsifu mbele ya wote. Kisha nikatafuta mkoba wangu nusu saa. Umo ndani ya kitanda! Umelazwa katikati, umefunikwa mpaka kidevuni. Darasa zima likavunjika mbavu. Nimejifanya kukasirika. Sikuweza.

Asubuhi kabla ya darasa Mkurugenzi alikusanya simu, zikaingia kwenye kopo la biskuti, kopo likaingia kabatini. Watazipata Jumapili, nusu saa. Nidhamu, kasema. Kweli hata hotelini simu zilikaa kwenye makabati mpaka zamu iishe. Lakini zamu ilikuwa inaisha.

Halafu akatusikilizisha ujumbe wa sauti wa mwanafunzi wa kundi lililopita. Wanamwita Mrefu. "Jamani, huku ni raha, nimepewa chumba changu mwenyewe, nawasubiri dada zangu, njooni." Wote wakapiga makofi. Mimi pia.

Jumatatu, 10 Machi

Fundi wa kuchomelea kashinda hapa leo. Cheche zimemwagika ukutani kuanzia asubuhi, harufu ya chuma kilichoungua imejaa darasani, tumefundishana kwa kupiga kelele. Anaweka nondo kwenye madirisha ya juu. Mkurugenzi anasema wezi wamezidi mtaa huu.

Mchana nilipanda kuangalia shuka. Kaweka na milango mipya ya chuma kwenye vyumba vyote vitatu. Kazi safi, haina kasoro. Ila komeo liko upande wa nje.

Nikamwambia fundi, "Umekosea, komeo huwekwa ndani, mwenye chumba ndiye anayejifungia." Hakunitazama. Kasema yeye kafuata mchoro.

Labda ni kwa ajili ya usalama vyumba vikiwa vitupu mchana. Labda.

Jumatano, 12 Machi

Mpwa wangu kaingia darasani leo! Mtoto wa dada, miaka ishirini na minne, aliyekuwa anauza kwenye duka la dawa mpaka mwenye duka akahama. Dada kanisihi wiki nzima: "Mdogo wangu, nawe umo humo humo ndani, hutamwombea mtoto wako nafasi?" Nimeomba. Mkurugenzi kanishika mikono miwili. "Mpwa wa Mwalimu ni mpwa wetu sote, mpenzi." Hakumuuliza hata cheti.

Sasa ni kumi na watatu. Kawekewa godoro la ziada chumba cha Mshonaji.

Katoa simu yake mwenyewe, akaitia kwenye kopo, akanikonyeza. Anaona yuko mikononi mwangu.

Ijumaa, 14 Machi

Mikataba. Kurasa nne kila mmoja, lugha ambayo hakuna anayeijua — mimi mwenyewe nimeigeuza juu chini, sikuambulia herufi. Mkurugenzi kaweka kalamu moja mezani na wote wakapanga mstari.

Mshonaji alipofika mbele kavuta miwani puani. "Hapa pameandikwa nini?"

"Pameandikwa utafanya kazi na utatunzwa, mpenzi."

"Kurasa nne kwa maneno hayo tu?"

Wengine wakacheka. Mkurugenzi naye akacheka, taratibu. Mshonaji hakucheka. Kasema atatia saini akipata mtu wa kumsomea, akarudi kukaa. Kakunja mikono. Nilimwonea fahari, halafu nikaogopa kwa ajili yake, na sikujua naogopa nini.

Mpwa wangu katia saini. Nilikuwa nimesimama nyuma yake. Nilinyamaza.

Jumatatu, 17 Machi

Mshonaji hayupo. Mkurugenzi kasema Jumamosi aliitwa kwao ghafla, baba yake mgonjwa mahututi.

Baba yupi? Wiki iliyopita, tukipanga mataulo, alinieleza kwamba baba yake hamjui hata kwa picha. Kalelewa na bibi. Bibi ndiye aliyemfundisha kushona.

Nilipanda kubadilisha shuka za kitanda chake. Chini ya mto — miwani. Bila miwani hiyo yule hawezi kuona ngazi. Mtu anaondokaje kwenda safari kaacha macho yake?

Nimeitia mfukoni. Mpwa wangu kanikuta hapo. Nikamuuliza Mshonaji aliondokaje. "Sijui, mama mdogo. Jumamosi mchana aliitwa ofisini. Sisi tukafungiwa juu mpaka jioni, wakasema fundi anapaka rangi chini."

Hakuna rangi mpya popote. Nimekagua kuta zote.

Jumatano, 19 Machi

Mkurugenzi kaniita ofisini. Chai, biskuti, mlango ukafungwa. Kasema kuna somo jipya la kuongeza, dakika kumi tu kila siku: maswali ya mpakani. Kanipa karatasi.

Unakwenda wapi? Harusini. Harusi ya nani? Ya binamu yangu. Mtakaa siku ngapi? Tatu. Mna mwenyeji? Ndiyo, shangazi.

Nikamuuliza, "Lakini wanakwenda kazini. Vibali vyao vya kazi?"

"Viko upande wa pili, vinawasubiri. Maofisa wa mpakani wasumbufu, Mwalimu. Ukiwaambia kazi, wanakuweka siku nzima juani. Tunawaonea huruma wasichana tu."

Nimefundisha. Kicheko alikuwa anakosea, anasema binamu yake kaolewa mara tatu, darasa linaanguka. Nikamgombeza — mimi! — nikamwambia arudie bila kucheka. Karudia. Uso mkavu, sauti ya utulivu, uongo mtupu. Kaiva.

Naandika haya ili siku moja nisije nikajidanganya kwamba sikuhusika.

Ijumaa, 21 Machi

Leo tena tumesikilizishwa ujumbe wa Mrefu. "Mpya, umeingia jana," kasema Mkurugenzi. Ulikuwa ule ule. Nilijua kwa sababu katikati anakohoa mara mbili, halafu mlango unagonga nyuma yake. Wiki mbili zilizopita alikohoa pale pale.

Baada ya chakula nikabaki jikoni kumsaidia mama mpishi kukausha sahani. Mama huyu ana miaka miwili hapa, haongei. Nikamwuliza kwa utani, eti yule Mrefu kumbe ana kifua?

Kaendelea kusugua sufuria. Kisha kasema, macho kwenye sufuria, "Mwanangu, mimi kikohozi hicho nakisikia kwa kundi la nne sasa."

"Na waliokwenda?"

"Nimewapikia watu kama hamsini. Wengine walikuwa wananiita mama. Hakuna hata mmoja aliyewahi kunitumia salamu." Kaniangalia hapo tu. "Nilidhani watu ukiwapikia vizuri watakukumbuka. Basi nikajiambia labda chakula changu kibaya."

Halafu akafungua bomba mpaka mwisho, maji yakapiga kelele, na huo ukawa mwisho wa mazungumzo.

Jumamosi, 22 Machi

Fomu za wanafunzi ziko kwenye faili la darasa, nimechukua anuani ya Mshonaji. Mabasi mawili, kisha miguu. Nyumba ndogo ya vyumba viwili, cherehani ya miguu mlangoni. Bibi yake kaniandalia kiti, akapangusa kwa kanga yake.

Hajamwona. Hajaitwa mtu nyumbani. Hakuna baba, hakuna mgonjwa.

"Lakini mjukuu wangu mzima," kasema, "ameniandikia." Kaleta simu. Kijana wa jirani ndiye humsomea. Nikausoma mwenyewe: Bibi nimefika salama kazi nzuri usinipigie nitakupigia mimi.

Umetumwa Jumapili. Kwa namba ya Mshonaji. Simu ambayo niliiona kwa macho yangu ikiingia kwenye kopo la biskuti!

Bibi kaniuliza, "Mbona siku hizi haandiki 'shikamoo'? Huyu hajawahi kuniandikia bila shikamoo."

Nikampa miwani. Kaishika kwa vidole viwili, kama mtu aliyeokota kitu cha moto. Kaelewa kabla sijasema chochote. Tumekaa tu, yeye na mimi na ile cherehani.

Jumatatu, 24 Machi

Nimekwenda polisi kabla ya kazi. Askari wa kaunta alikuwa anakunywa chai. Nikamweleza yote: nondo, komeo, mikataba, ujumbe, bibi.

"Kuna aliyepigwa?"

Sijui.

"Kuna aliyelalamika mwenyewe? Hawa ni watu wazima, mama. Wamesaini. Wanatafuta maisha."

Nikamwambia mtu aliyesaini asichoweza kukisoma hajasaini. Nikamwambia mtu anayefungiwa kwa nje si mwanafunzi. Sauti ilinipanda, watu wa benchi wakageuka. Kaandika vitu viwili vitatu kwenye karatasi ya kawaida, si kwenye kitabu chao kikubwa. Kauliza jina langu. Kaliandika hilo kwa herufi kubwa.

Kazini nimefika nimechelewa robo saa. Nikasema foleni.

Jumanne, 25 Machi

Mkurugenzi alikuwa ananisubiri getini. Tabasamu, mkono begani.

"Mwalimu mpenzi. Nasikia jana asubuhi ulipitia sehemu."

Nikasema nilipoteza kitambulisho, nilikwenda kuripoti.

"Pole. Ungeniambia mimi. Kule tuna marafiki, wangekusaidia haraka." Kanipapasa bega, akaniacha nipite.

Nimefundisha kusafisha vioo.

Mchana nikaomba ruhusa: mpwa wangu aende nyumbani, mama yake anaumwa. Hakusita hata sekunde. "Ah, tumeshampigia dada yako asubuhi, mpenzi. Mzima wa afya! Amefurahi mno kwamba binti anasafiri. Ametuombea dua."

Kwa hiyo walijua nitakuja na uongo gani kabla sijautunga.

Nikamvuta mpwa wangu kwenye chumba cha kufulia, nikamwambia kila kitu, haraka haraka, mashine ikizunguka. Kanitumbulia macho. Sikutegemea atakachosema.

"Mama mdogo, si wewe uliyenileta?"

"Ni mimi."

"Si wewe uliyetufundisha maneno ya harusi?"

"Ni mimi."

Kavuta shuka kutoka kwenye kapu, akaanza kuikunja. Tumekunja pamoja, yeye ncha zile, mimi ncha hizi, tukasogeleana, tukaachana. Shuka ya tatu ndipo machozi yalimtoka. "Basi tuondoe," kasema. "Wote. Sitoki peke yangu halafu Kicheko abaki."

Jumatano, 26 Machi

Rafiki yangu wa zamani wa mapokezi hotelini kanipa namba ya wakili, mwanamke, anashughulikia kesi za watu wanaosafirishwa na kuuzwa. Nilimpigia nikiwa nimesimama nyuma ya kiwanda cha matofali, kelele za mashine zinanifunika.

Hakushangaa. Hilo ndilo lililonitisha zaidi. Kila nililosema alilimalizia yeye. "Simu wamechukua? Vitambulisho pia? Mkataba wa lugha ngeni? Kuna ujumbe wa sauti wa mtu mmoja mwenye furaha?"

Kasema: "Mama, hii si ajira mbaya. Hii ni biashara ya watu. Wanaambiwa hoteli, wanapelekwa wanakopelekwa, na huko hati zao zinashikwa na mtu mwingine. Mtu akishikiwa hati na mlango, kilichobaki kwake si kazi tena. Na haijalishi kama alikubali. Hakuna anayeweza kukubali kitu alichofichwa."

Nikamwambia kuhusu askari wa kaunta. Kavuta pumzi. Kasema kuna kitengo kingine, makao makuu, anawafahamu, hawavujishi siri. Lakini wanahitaji siku tatu kupata hati ya kupekua. Safari lini? Jumatatu tarehe 31, ndivyo tulivyoambiwa. "Basi Jumamosi asubuhi tutakuwa hapo. Usiwakabili. Fundisha kama kawaida. Andika majina, sura, namba za magari. Una mahali pa kuandika?"

Ninapo.

Nikamwuliza kama nami nitafungwa. "Utaulizwa maswali magumu," kasema. "Na itabidi uyajibu."

Afadhali. Nimechoka kuwa mtu ambaye haulizwi.

Alhamisi, 27 Machi

Siku ya kawaida. Kawaida mno. Kupiga pasi mashati, kola kwanza, kisha mikono. Mkurugenzi kapita mara moja, kashika kola, kasema, "Mikono yako ya dhahabu, Mwalimu." Mpwa wangu hakuniangalia hata mara moja — hodari kuliko mimi.

Saa tisa waliletewa magauni, kumi na mawili, rangi ya machungwa, ya kwenda harusini. Mbona mapema? Kicheko kalijaribu lake juu ya sare, akazunguka. Limemkaa vizuri. Wengine wakapiga vigelegele na mimi nikatabasamu mpaka mashavu yakauma.

Nimemtumia wakili ujumbe: magauni yamefika. Kajibu: Jumamosi. Vumilia.

Ijumaa, 28 Machi

Saa mbili asubuhi. Geti liko wazi. Basi dogo jeupe limesimama uani, mapazia yamefungwa, injini inaunguruma. Wote wamo ndani tayari, wamevaa ya machungwa. Leo! Si Jumatatu, leo!

Mkurugenzi yuko ngazini na orodha. "Mwalimu mpenzi, tumeona tuwahi kabla ya joto. Na leo nawe utatusindikiza. Shangazi wa bibi harusi! Wakikuona wewe, mtu mzima, hakuna atakayewasumbua. Jioni tunakurudisha."

Ningeweza kugeuka. Geti lilikuwa hatua kumi, wazi kabisa, na hakuna aliyenishika. Nilimwona mpwa wangu kiti cha tatu, pazia limemwangukia begani. Kanitikisia kichwa: usipande.

Nikapanda.

Nimekaa nyuma kabisa. Nilijiinamia kama ninayetafuta leso nikamwandikia wakili: wameondoka sasa, basi jeupe, na namba ya gari. Umekwenda. Tiki moja.

Saa nne. Mwandiko huu ni wa mtikisiko. Nimeweka daftari pajani chini ya mkoba. Mkurugenzi kapita akikusanya simu za waliorudishiwa asubuhi ili waage nyumbani. Kafika kwangu, mkono wazi. "Hata ya Mwalimu. Tuwe sawa." Nikampa. Kabla ya kuizima kaiangalia kioo muda mrefu. Karudi mbele nayo.

Sijui kama ilifika tiki ya pili.

Saa tano na nusu. Tumeacha lami. Mpakani ni lami mpaka mwisho, hilo kila mtu analijua. Hapa ni vumbi, miti iliyokatwa, hakuna nyumba. Kicheko kauliza kwa sauti, "Jamani, hii harusi ni porini?" Hakuna aliyecheka. Naye akanyamaza, na ule unyamavu wake ukasambaa kwenye basi zima.

Dereva anaongea na Mkurugenzi kwa lugha ngeni, labda ndiyo ya ile mikataba.

Nimesimama. Nilishika viti viwili nisianguke, nikawaambia, kwa sauti ya darasani. Kwamba hakuna hoteli. Kwamba ujumbe wa Mrefu ni mmoja, umechezwa kwa makundi manne. Kwamba Mshonaji hakuitwa na baba. Kwamba maneno ya harusi niliwafundisha mimi, na mpwa wangu nimemleta mimi, na sina cha kujitetea. Mkurugenzi hakunikatiza. Kageuka kwenye kiti chake akanisikiliza mpaka mwisho, kichwa kakiinamisha upande, kama mzazi anayesikiliza mtoto akikariri.

"Umemaliza, mpenzi?"

Nimekaa. Mama wa watoto wawili kaanza kulia bila sauti. Mwalimu wa chekechea kamshika mkono, kisha akashika wa jirani yake, na wa jirani akashika wa mwingine. Sikuwaambia mimi.

Saa sita. Tumesimama. Nimefungua pazia kidogo: ukuta mrefu wa matofali, geti la chuma, ghala la bati. Wanaume wanne wamesimama kivulini. Mmoja anamalizia kula, anafuta mikono.

Mkurugenzi kashuka na simu sikioni, dereva kamfuata, mlango ukafungwa nyuma yao. Dirisha la mbele liko wazi, tunamsikia. Safari hii anaongea lugha yetu, labda na mtu wa kwetu. "Ndiyo, nimefika nao. Kumi na watatu."

Nikahesabu vichwa. Kumi na wawili. Nikahesabu tena, kwa kidole. Mpwa wangu, Kicheko, mwalimu wa chekechea, wote. Magauni kumi na mawili.

Mpwa wangu kageuka akanitazama. Kaelewa kabla yangu.

Wa kumi na tatu ni mimi.

Wamekuja mlangoni. Kicheko kaviringisha mkanda wa mkoba wangu kwenye kitasa na kuufunga kwenye mguu wa kiti, fundo la kufungia mapazia, nililifundisha mimi wiki ya kwanza. Mlango umefunguka vidole viwili, ukakwama. Tumekubaliana kwa kunong'ona: hashuki mtu.

Wanapiga ubavu wa basi kwa viganja. Mkurugenzi yupo chini ya dirisha langu, namwona utosi. Sauti ndogo, ile ile. "Mwalimu. Waambie washuke. Wewe wanakusikiliza."

Wote wananiangalia.

Mbali, huko tulikotoka, kuna vumbi linapanda barabarani. Gari, au magari. Mwalimu wa chekechea anauliza ni nani. Dereva naye ameliona, ametoka kivulini kaweka mkono juu ya macho. Hajakimbia. Hajatabasamu. Anatazama tu, kama sisi.